Daktari wa Nafsi ya Mandu

Gu Pil-ho alikuwa ndani ya lifti ya jengo moja la Busan, akijiuliza jioni atakula kwa nani, aliposikia riziki ikimwita. Bi Pyo, muuza keki za samaki sokoni, alikuwa akimlalamikia jirani yake.

"Huyu mbwa wangu Mandu atanitia wazimu! Nikitoka tu, anararua mapazia, anakwangua fremu za madirisha, sofa ameshalichimba shimo. Mwenye nyumba kasema, asipoacha wiki hii, nje! Nami nitahamaje bila zile pete za dhahabu za wanangu, walizotunzwa walipotimiza mwaka mmoja? Nilizificha humo ndani, na mahali penyewe nimepasahau."

Pil-ho alikohoa kisomi. Maisha yake yote hakuwahi kufuga hata kuku, ila ulimi alijaliwa.

"Samahani, mama. Mimi ni daktari wa nafsi za mbwa."

"Wa nini?"

"Nafsi. Mbwa wako ana huzuni ya dirisha. Niachie yeye na nyumba kutwa nzima, wiki hii tu. Sitaki hata won moja mpaka apone."

"Na kikiharibika kitu?"

"Juu yangu!"

Bi Pyo nusura alie kwa furaha.

Kesho yake Pil-ho alivua viatu mlangoni, akasubiri lifti imshushe mama wa watu, akaanza matibabu. Alipekua pipa la mchele. Alizamisha mkono hadi kwapani kwenye mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachusha, akatoka ananuka kitunguu saumu. Alifumua sofa lote, na kwa kuwa mwizi mwenye akili haachi alama, akalishona upya, vizuri kuliko lilivyokuwa. Fremu alizobandua akitafuta mwanya, alizipiga msasa na kuzipaka rangi. Mandu alimfuata chumba hadi chumba akitikisa mkia, na wiki nzima hakutafuna hata uzi.

Mwenye nyumba akaja, akapapasa madirisha, akasifu, akaenda zake.

Pil-ho hakuweza kuvumilia tena. "Mama, zile pete... bado hujakumbuka?"

"Za dhahabu?" Bi Pyo alikuwa akimimina chai ya shayiri, macho yakimcheka. "Mwanangu, ule mwaka nchi ilipofilisika, si tulipanga foleni wote kupeleka dhahabu zetu zilipe deni la taifa? Kwani mama yako hakupeleka?"

Alipeleka. Pil-ho mwenyewe alikuwa kwenye foleni ile, ameshika sketi ya mama yake, analilia kipete chake. Masikio yalimwaka moto kwa aibu.

"Basi nipe ujira wangu," akasema kwa hasira. "Mbwa si amepona?"

"Twende tukahakikishe."

Wakatoka wote wawili, Bi Pyo akafunga mlango. Hawajafika kwenye lifti, ndani kitambaa kikalia chraaa!

"Bado, daktari," alisema Bi Pyo kwa upole. "Hilo ni pazia. Sasa atahamia kwenye sofa. Na ulisema kikiharibika kitu..."

Hakumaliza. Pil-ho alikuwa amesharudi mbio mlangoni, anabonyeza namba za kufungulia, anapiga kelele, "Mandu! Sofa langu wewe! Nimelishona siku mbili!"