Kina cha Kikosi Chetu cha Mpira wa Kikapu, Dagoretti, 1957

Bwana DC, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na kimefutwa vumbi. Bwana Chifu, aliyetuma mwavuli wake umwakilishe. Waheshimiwa wachungaji wa madhehebu yote yanayosalimiana. Bwana Karani wa Soko. Wazee wa baraza, mliopata viti na mliokosa. Akina mama wa Dagoretti pamoja na mizigo yenu. Mabwana wachinjaji, mlionawa na ambao bado. Na mimi mwenyewe, Dedan Wahome, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Michezo ya Chuo cha Ufundi cha Magharibi, Katibu wa kamati hiyohiyo, na kwa leo mkalimani wake: hamjambo? (Hatujambo!) Kikosi! (Kirefu!) Sikusikia vizuri. Kikosi! (Kirefu!) Asanteni, mketi, hata wale mliosimama kwa kukosa pa kuketi.

Nimesimama hapa, kwa mujibu wa taratibu na kwa idhini niliyojipa jana, kuwasilisha taarifa kamili ya kina cha kikosi chetu na matarajio yake katika ligi ya vyuo vya katikati, yaani si vile vikubwa vinavyoletewa basi hadi mlangoni, wala vile vidogo vinavyocheza pekupeku kwenye matope, bali sisi wa hapa kati, tunaodharauliwa na pande zote mbili na kwa hiyo hatuna la kupoteza. Wataalamu wa mchezo huu, ambao habari zao nilizisoma kwa kinyozi River Road katika gazeti lililokosa kurasa mbili tu, wanasema timu haipimwi kwa wale watano wanaokimbia, inapimwa kwa wale wanaokaa. Sasa mabibi na mabwana, kwa upande wa kukaa, nani wa kutushinda? (Makofi kutoka kwa waliokaa.)

Mnajua siku hizi za Hali ya Hatari watu hawakusanyiki hivihivi, lazima fomu ya kibali, na fomu ina mistari kumi na mitano. Kamati zingine zingeacha mistari mitupu. Mimi, Dedan, nilijaza yote! Wa kwanza ni Mutiso, mrukaji hodari. (Sauti: Mutiso si alirudi Machakos mwaka jana?) Hicho ndicho kina, bwana! Mchezaji wa kawaida yupo akiwepo tu, lakini Mutiso yupo hata akiwa Machakos. Wa pili ni Wambua, fundi wa ngozi. (Wambua: Mimi? Mimi niko na goti mbaya, Mwenyekiti, na hakuna mtu ameniuliza!) Bwana Wambua, goti lako limezingatiwa katika ripoti. Kuanzia mstari wa nne hadi wa kumi na tano ni shemeji zangu, ambao kwa hesabu ya kisasa ni asilimia themanini ya kikosi, na niambieni ni timu gani Afrika Mashariki nzima yenye umoja wa namna hiyo.

Lakini mstari wa tatu! Simama, Bwana Zadock Ogutu. (Zadock anasimama. Kichwa kinagonga taa.) Futi sita na inchi nne, enyi watu, bila viatu! Kepteni wetu huyu alikuwa mpishi kule Spring Valley miaka sita, ana chumba chake nyuma ya nyumba, memsahibu wake, Mzungu, hali chakula cha mtu mwingine. Nikamwendea mwenyewe kwa baiskeli, nikamwambia, ndugu, acha sufuria, njoo chuoni, utapewa kitanda, utafundishwa kazi ya mabomba, na utapata barua ya kukaa mjini kwa heshima. Akaacha kazi siku hiyohiyo! Leo ni wiki ya tatu. (Mama mmoja: Na barua iko wapi?) Huyo ni Bibi Milcah Awiti, mke wa kepteni, tunamshukuru kwa sauti. (Milcah: Sitaki shukrani. Barua iko wapi? Jumamosi askari wa msako wakitupata hatuna kazi na hatuna barua, tunapakiwa kwa gari la moshi mpaka Kisumu na watoto watatu. Wewe utakuja kutuaga?) Bibi Milcah, maswali yatapokelewa kwa maandishi, nakala tatu.

Naja kwenye vifaa. Kiwanja tunacho, ila kwa sasa kimeanikwa ngozi za ng'ombe, na tumekubaliana na mabwana wachinjaji kwamba zikikauka watatuambia. (Mchinjaji: Hizo hazikauki, kila siku iko zingine!) Mpira umeshonwa na Bwana Wambua kwa ngozi safi ya fahali, haudundi, lakini ukikupata kifuani utajua umecheza. Kuhusu kikapu, ni kweli kuna ucheleweshaji mdogo wa kiutawala, kwa sababu Mama Syokau, tuliyemwomba kiondo kimoja akitoe tako, amekataa katakata. (Syokau: Kiondo nimesuka miezi miwili nikitoboe? Huyo mtu ana akili kweli? Viazi vitakaa wapi?) Kwa hiyo msimu huu mpira ukiingia utabaki humo, na mchezo utasimama mpaka iletwe ngazi.

Matarajio! Tuna mechi tisa. Saba tutashinda, maana wapinzani saba hawajaunda timu. Moja tutatoka sare. (Zadock: Bwana Mwenyekiti, huu mchezo hauna sare.) Wetu utakuwa nayo. Na ya tisa hatutakwenda, kwa sababu ni mbali. Rekodi ya namna hiyo haijawahi kuonekana tangu chuo kianzishwe!

Sasa shukrani, nisije nikaonekana mtu wa kujisifu. Namshukuru Mama Syokau kwa kiondo, ambacho juzi kilileta viazi nyumbani kwangu kikiwa na tako lake salama. Nawashukuru wazee kwa ardhi ambayo chuo kitajengwa juu yake ardhi ikipatikana, maana kwa leo chuo chote, madarasa, vitanda na ofisi yangu, ni hili faili. (Ananyanyua faili. Minong'ono.) Na kwa namna ya pekee namshukuru yule memsahibu wa Spring Valley, ambaye hakulala njaa hata siku moja, kwa kuwa jioni ileile kepteni alipoondoka jikoni, mchezaji wetu wa akiba, mstari wa nne, shemeji yangu mdogo, alikuwa ameshafunga aproni mlangoni. Hicho ndicho kina cha kikosi, mabibi na mabwana! Kikosi! (Watu wanageuka kumtazama Zadock.) Nasema kikosi! (Mtu anakohoa.)

Basi, kwa hayo machache naomba njia, nina kikao kingine. Mbona mlango umezibwa? (Zadock amesimama mlangoni, miguu imeachana, mikono imetanuliwa ukuta hadi ukuta.) Bwana Zadock, hiyo difensi nilikufundisha mimi mwenyewe, na kusema kweli umeishika vizuri sana, lakini mazoezi yamekwisha. Nikipita kushoto... (Zadock anahamia kushoto.) Kulia basi... (Zadock anahamia kulia. Makofi makubwa kuliko yote ya leo.) Mabwana wachinjaji, nisaidieni jamani! (Wachinjaji wanavuta viti waone vizuri.)

(Milcah: Kaa hapo uandikie memsahibu. Sasa hivi. Mwambie shemeji yako amerudi kwa benchi.) Bibi Milcah, utaratibu hauruhusu barua bila kikao cha... (Zadock anasogea hatua moja mbele.) Utaratibu unaruhusu. Bwana Wambua, nani ana kalamu? Mama Syokau, nishikie hiki chuo. Niandike mpishi wa miaka sita, au saba? (Zadock: Sita.) Sita. Asanteni sana kwa kunisikiliza.