Hodi Tatu za Washenga na Ndege wa Hadija

Nyinyi vijana mnaoinamia simu mchana kutwa, hii isomeni mkiwa mmefunga mdomo. Mimi nyanya yenu nimeaibika leo hapa Garsen. (Makosa ya kuandika ni ya miwani.)

Mjukuu wangu Hadija ana ndege. Alimleta kutoka Malindi, ndani ya kitundu. Kasuku mdogo wa kijivu, mashavu mekundu kama amepakwa rangi, kishungi kichwani. Wanamwita kokateli. Hadija akasema, "Nyanya, huyu akifundishwa anasema." Nikamwambia ndege wa kusema ni wa hadithi, huyu atapiga mluzi tu.

Halafu nikaingiwa na hofu. Je, akisema kweli? Nyumba imejaa vijana na Sheng yao. Si atawatukana wageni? Afadhali nimuwahi na neno la adabu. Basi kila alfajiri nikishaswali, mtama mkononi: "Hodi. Hodi. Hodi." (Ndiyo, mimi. Mwanamke mwenye wajukuu tisa.) Mwezi wa pili akasema! Kisauti chembamba chenye mluzi ndani, kama cha mzee aliyeishiwa meno. Nikatamba mtaa mzima.

Lakini kunyamaza hakujui. Hodi asubuhi, hodi tukila, hodi nikiwa juu ya mswala. Mara ngapi nimekimbilia mlangoni nikakuta upepo? Mwisho nikapiga marufuku: hakuna kumuitikia. Ukimuitikia ndiyo anazidi.

Sasa leo. Leo washenga walikuwa waje kutoka Kipini kumposa Hadija. Usingizi sikuupata. Watu wa Kipini wana adabu zao, neno moja baya linatosha kuwarudisha. Na Hadija anampenda kijana yule mpaka chakula hakipiti. Tuliambiwa watafika baada ya adhuhuri. Saa nne niko jikoni, unga wa mahamri umenifika viwikoni. Pazia la mlango wa mbele limeshushwa. Ndege yuko sebuleni, nyuma ya pazia hilo hilo.

"Hodi."

Nikaendelea kukanda.

"Hodi hapa."

"Ameongeza neno!" nikamwambia Hadija. (Nilifurahi, wallahi.)

"Hodi wenyewe."

Hapo nikachoka. Nikapaza sauti: "Wee mlafi! Tangu asubuhi kazi yako kula tu! Rudia tena, nakufunika gunia!"

Kimya.

"Umeona?" nikasema. "Anataka kukaripiwa."

Hadija akachungulia dirishani. Akashika kichwa. "Nyanya! Ni wao!"

Wazee wawili na mama mmoja, vifurushi mkononi, wametupa mgongo, wanaelekea steji ya matatu. Wala hawakukosea. Dini imetufundisha: bisha hodi mara tatu, usipokaribishwa, rudi ulikotoka. Mimi mwenyewe nimewachapa wajukuu kwa adabu hiyo hiyo.

Nikakimbia. Bila viatu, unga mikononi, katikati ya wauza mifugo wote wa Garsen. "Wazee! Simameni! Sikuwa nawasema nyinyi, nilikuwa namsema ndege!"

Mchuuzi mmoja akapiga kelele, "Haya tazameni! Nyanya amefukuza wakwe, sasa anawakimbiza!" (Nimemjua. Mamake nitamwona.)

Mzee mkubwa wao akageuka. Mdomoni meno mawili tu. "Mama, sisi tumetoka Kipini alfajiri. Ndege gani?" Na sauti ni ile ile! Nyembamba, mluzi ndani. Jasho likanitoka upya.

Wakarudi shingo upande. Nikawakalisha mbele ya kitundu, kwa sababu shahidi wangu alikuwa mmoja tu.

"Sema hodi, baba."

Ndege akanitazama kwa jicho moja.

"Hodi," nikasema mimi.

Hakuna.

Nikapiga magoti, mtama kiganjani. Mimi, ninayeogopwa na mtaa mzima! "Hodi, mwanangu. Hodi, roho yangu. Hodi!"

Akapiga mluzi. Basi.

Mzee akakohoa. "Mama, hata sisi tulisema mara tatu."

Nilitamani mto unichukue. Yule mama, shangazi wa kijana, alijifunika uso kwa buibui, mabega yakawa yanatikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia, na sikuthubutu kuuliza. Chai walikunywa. Mahamri waligusa moja moja. Nikangoja waitaje posa, hawakuitaja. Waliaga tu: "Tunakwenda kushauriana. Ijumaa, tukijaaliwa, tutarudi."

Tukijaaliwa! Neno hilo linanichoma tangu waondoke. Hadija amejifungia chumbani, nimempelekea chai mara mbili, imepoa mlangoni. Na ndege yuko pale anajichambua manyoya, kama kiumbe ambaye hajawahi kusema neno maishani. Mkiniuliza kama kokateli wanaweza kusema, wanaweza. Ila si mbele ya watu.

Msicheke. Ombeni Ijumaa iwe ya heri. Amri nimeshaitoa nyumbani: pazia lifungwe juu tangu alfajiri, wote wakae barazani macho njiani, na chochote kitakachoelekea mlango huu, hata kikiwa mbuzi, kiambiwe "karibu" kabla hakijafungua mdomo.