Mrija Wangu Ndani ya Turbo

Jumatano, 4 Juni 1986. Kaloleni.

Gari limefika! Si langu. Ni la Abdiqadir wa Eastleigh, tajiri aliyemwajiri mwanangu Javan kama karani. Ametuazima mpaka Jumapili, maana Jumamosi tunakwenda Githunguri, kijijini kwao msichana, kumposea Javan mke. Nyuma limeandikwa TURBO. Nimepangusa hapo kwenye maandishi tu. Kwingine atapangusa mwenye kuoa.

Kasoro moja. Likisimama linatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na chini ya boneti kuna sauti, sss, kama nyoka.

Javan akasema tulipeleke Huruma kwa Gachanja. Nikakataa. Gachanja ni makanika hodari, lakini pia ni mjomba wa Nduta, msichana mwenyewe. Jumamosi tutakaa naye tukivutana juu ya mbuzi wa mahari. Unampelekeaje mjomba wa msichana gari bovu leo, halafu siku ya posa umwambie nyinyi ni watu wazito? Nikamwambia Javan aniachie mimi. Miaka ishirini na sita pale reli nimeunganisha mipira ya vakyumu, ya breki za kunyonya hewa, kati ya behewa na behewa. Vakyumu ni vakyumu, iwe ya treni iwe ya tajiri.

Alhamisi, 5 Juni.

Nimefungua boneti. Nikaifunga. Mipira imejaa mle kama matumbo ya mbuzi. Nikanywa chai, nikafungua tena.

Adui nimempata. Kampira kembamba, kamepasuka ubavuni. Ukiweka kidole, kidole kinanyonywa. Madukani wananiambia mpira kama huo huagizwa ng'ambo, nirudi baada ya wiki tatu. Nimerudi nyumbani nikifikiri. Kitu chembamba, kirefu, chenye tundu, kilichozoea kunyonywa bila kuvunjika. Ninacho! Mrija wangu wa pombe ya busaa, ule wa kunywea chunguni tukiwa tumekaa duara. Siku hizi serikali imeipiga marufuku busaa, tunainywa kwa kujificha, kwa hivyo mrija hukaa darini.

Nimeukata kipande cha kutosha. Mke wangu Beldina akauliza kwa nini naharibu mrija. Nikamwambia nimeacha pombe. Akafurahi, akanichinjia kuku. Nimekula shingo yote kwa aibu, na paja pia.

Ijumaa, 6 Juni.

Nyoka amenyamaza! Gari limetulia kama paka mezani.

Lakini nimegundua jingine. Juu ya injini kuna mpira mnene unaotoa moshi kidogo wenye harufu ya oili. Unapumua kabisa, kama mtu. Reli hatukukubali mpira unaopumua. Nimeuchomoa, nikaziba lile tundu kwa gunzi la mahindi, nikakaza kwa waya.

Javan alipotoka kazini akauliza nimefanya nini. Nikamjibu ya fundi hayaulizwi. Akanishukuru mbele ya majirani, kwa mikono miwili.

Jumamosi, 7 Juni.

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Mpaka Kiambu safi. Mlima wa kwanza, Javan akakanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi, kisha pwaa! Mrija umechomoka upande mmoja. Kumbe hii turbo hainyonyi tu, inapuliza pia. Treni yetu haikuwa na tabia hiyo. Halafu oili ya injini, kwa kuwa nimeiziba pumzi, ikatafuta njia yake. Ikang'oa kijiti cha kupimia, ikaruka kila mahali. Javan aliinama kutazama. Shati lake jeupe la kuposea likawa la makanika.

Tukafika tumechelewa kwa saa mbili. Kwa wenzetu hawa, kuchelewa ni faini ya mbuzi. Tukaingia na moshi wetu, akina mama waliosimama langoni kutuimbia wakaimba mstari mmoja, wakakohoa.

Gachanja akavua koti, akafungua boneti, ukoo wote ukamzunguka. Akatoa gunzi. Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Akatoa mrija. Akaunusa. Akampa dada yake Teresiah, mama yake Nduta, mama wa kanisa ambaye hata uji uliochacha hauingii nyumbani kwake. Naye akanusa. Kicheko kikaisha.

Gachanja akauliza mrija ni wa nani. Mimi ndiye msemaji wa ukoo wetu. Nina kofia, nina fimbo. Nikaiweka kofia sawa.

Javan, aliyeokoka tangu shule, akasema, "Ni wangu."

Na mimi nikatikisa kichwa, kama baba aliyechoshwa na mtoto. Hilo ndilo nililofanya. Naliandika ili nilione.

Teresiah akasema binti yake haolewi na mlevi. Chakula tulipewa, mazungumzo hapana. Gachanja akatutilia mipira ya kufaa kutoka sanduku lake la kazi, tukarudi Kaloleni.

Jumapili, 8 Juni.

Kanisani sikuimba. Javan amerudisha gari, kisha akafua shati lake mwenyewe. Oili haitoki. Alipolianika akaniambia, "Baba, ungesema tu hujui."

Usiku nimemwandikia Teresiah barua bila jina, kwamba mrija ulikuwa ndani ya gari tangu kiwandani. Beldina akaisoma. Akasema huko kiwandani hawajui hata busaa ni nini. Akaichana, akaniwekea viatu mlangoni.

Jumanne, 10 Juni.

Nimekwenda Huruma, wanakoishi Teresiah na kaka yake. Nimezunguka jengo lao mara nne. Mara ya tano Teresiah akaniita kutoka dirishani.

Gachanja alikuwepo pia. Nikasema, "Mrija ni wangu. Gunzi ni langu. Javan hajawahi kuonja."

Gachanja akasema alijua toka siku ile, kwa sababu waya wa gunzi ulisokotwa kama wasokotavyo watu wa reli. Alinyamaza aone mzee atajificha nyuma ya mtoto wake siku ngapi. Amehesabu tatu. Nikatazama viatu vyangu. Ni viatu vibaya sana.

Teresiah akasema kijana anayebeba aibu ya babake atamtunza mke. Kuhusu baba, akanimiminia chai bila sukari. Turudi tarehe 28, na mbuzi wawili wa faini: mmoja wa kuchelewa, mmoja wa kunyamaza. Nikaapishwa nisiguse mpira wowote wa gari hadi kufa.

Nimemweleza Javan. Akanishika mkono. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 15 Juni.

Nimebadilika. Leo nimesali kwao Huruma, kiti cha nyuma, kofia magotini. Baada ya ibada Teresiah akalalamika kwamba kinanda cha kanisa kimekwisha pumzi, hakijazi upepo, na ndicho kitakachopigwa kwenye harusi ya watoto. Gachanja atakitazama akipata nafasi.

Maskini, ana kazi nyingi. Nikamwendea mzee wa kanisa, nikamwambia Gachanja amenituma nianze. Niliapa juu ya mipira tu. Kinanda kinapumua kwa mfuko wa ngozi. Ufunguo wa kanisa ninao mfukoni, na Gachanja nitamshangaza.