Nimeletewa Beseni la Mtoto, na Mtoto Sina

Jamani, leo sina pa kuuficha uso. Nimeumbuka mbele ya mama mkwe mtarajiwa. Na mshenga. Na kina mama wanne wa jumuiya.

Siku nne zilizopita nilitolewa uvimbe kwenye mifuko ya mayai, kwa ule upasuaji wa matundu madogo. Hawakupasui tumbo zima. Wanatoboa vitundu vitatu, wanakujaza gesi ili waone vizuri, wanapitisha kamera, wanamaliza. Kesho yake nilikuwa nyumbani kwa dada Anna, hapa Kawe. Tatizo ni kwamba gesi yote haitoki siku hiyo hiyo. Tumbo bado limetuna, mabega yanauma (mabega! nimetobolewa tumbo!) na natembea nimeinama kama nimedondosha sindano.

Sikutaka watu wajue. Jumamosi hii kina Elia wanaleta barua ya posa, na niliogopa. Niliogopa kweli. Wakisikia nimeguswa mifuko ya mayai, si watasema huyu hatazaa? Elia mwenyewe anajua, nikamwapisha kwao aseme malaria. Dada Anna naye nikamwambia akiulizwa aseme vivyo hivyo: malaria.

Dada Anna na siri ni mbalimbali. Asubuhi jirani yetu Mama Neema, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, kamuuliza getini mbona sionekani. Dada akajibu, "Kafanyiwa operesheni, ila yuko salama, tunamshukuru Mungu." Akaona amenisitiri, maana hakusema operesheni ya nini!

Sasa, Mama Neema ameliona tumbo langu likikua miezi mitatu. (Kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu.)

Saa tisa mchana, hodi. Wanaingia kina mama wanne na pambio mdomoni. Chupa kubwa ya mtori, ule mchuzi wa ndizi wanaonyweshwa wazazi. Khanga mbili mpya. Pampasi. Na beseni la rangi ya waridi, limejaa sabuni na mafuta ya mtoto, ambalo lilitua moja kwa moja mapajani kwangu.

"Hongera mzazi!" Kigelegele. "Wa kike au wa kiume?"

"Mama Neema, mie sijazaa."

"Usione haya mwanangu. Sie tumekuja kukuombea, siyo kukuhukumu. Mtoto yuko wapi? Wamembakiza hospitali?"

Mmoja alishachungulia nyuma ya kochi. (Nyuma ya kochi, jamani! Mtoto?)

Kabla sijajieleza, hodi ya pili. Mama Elia! Kaja kumjulia hali mgonjwa wa malaria.

"Shikamoo mama," nikasema, nimekumbatia beseni.

Akaangalia beseni. Akaangalia pampasi. Akaangalia mtori. Akamalizia na tumbo langu.

"Marahaba," akajibu taratibu. "Elia kaniambia malaria."

Pambio likafa. Nikaiona barua yangu ya posa inageuza njiani. Basi nikafanya jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelifanya. Nikasimama, nikapandisha dera mpaka juu ya kitovu.

"Mama, tazama! Vitundu vitatu! Mtoto gani anapita hapa?"

Plasta tatu zilionekana vizuri. Nilichosahau ni kwamba kila nguo yangu yenye lastiki inabana nyuzi, kwa hiyo chini nilivaa bukta ya mpira ya shemeji. Ya kijani. Imeandikwa namba tisa pajani. Na mlangoni alikuwa amesimama mshenga, mzee wa kanisa, aliyekuwa amebaki nje kuegesha gari. Mfuko wa machungwa ukamponyoka, yakabingirika sebule nzima.

"Samahani sana," akasema akiugeukia ukuta. "Mie nimeona namba tu."

Nikarudi kwenye kochi, nikajifunika uso kwa khanga ya mzazi. Nikayasema yote humo humo ndani: uvimbe, mayai, woga wangu. Mama Elia akanifunua.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema mifuko yote miwili ipo. Naweza kuzaa."

"Na angesema vingine, ungeendelea kuumwa kwa kujificha? Mie si mama yako?" Akachukua kikombe, akanimiminia mtori. "Kunywa."

Nikanywa huku nalia. Kina mama wakaanza kukusanya vitu vyao kwa aibu. Mama Neema alipolishika beseni, Mama Elia akamzuia.

"Hilo liache. Tutalihitaji."

Beseni liko juu ya kabati sasa hivi, naliangalia. Mshenga naye kamtumia dada ujumbe: Jumamosi iko palepale, namba tisa apumzike.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi limeniumbua beseni. Na tafadhali asicheke mtu, maana hata mimi mwenyewe nikicheka nyuzi zinavuta.