Dirisha la Picha ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Picha imetoka! Ile ya familia, tuliyopiga kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya Mama Mkwe. Yeye kakaa kitini katikati, mabinti zake wawili wamesimama nyuma yake. Kushoto kabisa ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, kifua mbele, tai shingoni. Kulia kabisa ni mimi, mkono begani kwa mke wangu, jicho moja nimelifumba. Jumapili picha inatundikwa sebuleni kwa Mama, mahali ambapo kila mgeni ataiona kabla hajapewa kiti. Miaka yote hii Mama humwita mwanyumba "mwanangu". Mimi ni "yule mwingine". Mwanyumba alitaka kuipeleka kwa fundi wa fremu. Nikamwahi. Nikasema nitaitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu. Mke wangu akauliza mikono ipi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepita kwa fundi wa fremu, najifanya mteja. Nimemchota siri zote. Kati ya kioo na picha huwekwa kadi nene iliyokatwa dirisha katikati. Kadi hukatwa kwa nyuma, kisu kikilazwa kidogo, ili ukingo wa mbele utoke safi. Picha nayo hubandikwa kwa nyuma, kifudifudi; akaanza na habari za kushoto kugeuka kulia, nikamwambia hayo nayajua. Akasisitiza kwamba dirisha liwe dogo kidogo kuliko picha, kadi ipate kushika kingo zake.

Kidogo! Hapo ndipo wazo liliponijia. Kidogo ni kiasi gani? Hakusema. Kwangu mimi, kidogo ni upana wa mwanyumba mmoja. Nikaanza kupiga mluzi. Fundi akaniuliza kama nanunua kitu au napunga upepo. Nikanunua kadi tatu na fremu.

Alhamisi, 7 Machi

Kadi ya kwanza, hasara. Nilisahau kupunguza, nikakata dirisha sawasawa na picha. Picha ikapita katikati ikaanguka upande wa pili, sakafuni. Kadi ya pili, hasara na nusu. Kisu kilipitiliza kwenye kona zote, kikaingia mezani. Meza ya kulia ya mke wangu! Nimetandika kitambaa. Mke wangu kauliza tangu lini nimeanza kupenda vitambaa.

Mwanyumba kapiga simu, kwa upole, kuuliza kama nahitaji msaada. Upole wa namna ile ni matusi. Nimemwambia asubiri Jumapili, ataona. Hapo kwenye "ataona" nikacheka peke yangu mpaka nikapaliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Ushindi! Kadi ya tatu imekatika vizuri, dirisha pungufu kwa mwanyumba mmoja, kona zote zimekutana. Nikailaza kifudifudi, na picha juu yake kifudifudi, kama fundi alivyosema. Mwanyumba yuko kushoto. Basi nikaisukuma picha kushoto, taratibu, mpaka nikawa na hakika kadi imemmeza, yeye na tai yake. Nikabandika.

Nilitaka kuigeuza nijionee, ndipo nikasikia ndala za mke wangu. Mbio mbio nikaitumbukiza yote kwenye fremu, nikafunga mgongo, nikaizungushia karatasi ya zawadi. Mke wangu akataka kuona. Nikamwambia fundi haonyeshi kazi kabla ya siku yake. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumapili, 10 Machi

Sebule imejaa hadi mlangoni. Mama kachana karatasi.

Mama yupo. Mabinti wapo. Mwanyumba yupo, mzima mzima, hadi viatu. Na kulia, ukingoni mwa dirisha, begani kwa mke wangu, vipo vidole vitatu. Vyangu!

Natamani ardhi ipasuke. Mwanyumba akauliza mimi niko wapi. Mama akavua miwani, akafuta machozi.

"Mtazameni huyu," akasema. "Kajitoa mwenyewe ili wenzake waonekane. Mwanangu, umenitoa kimasomaso."

Mwanangu! Mbele ya watu wote! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyepanga. Mwanyumba akaja kunikumbatia, macho yamemlenga machozi, tai yake ikaniingia mdomoni. Nilifurahi hata nikamkumbatia na mimi, kidogo.

Mke wangu akasogea sikioni. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akaninong'oneza. "Leo mwenzetu umeingia ukakuta maji."

Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Mama hataki niendelee kujificha. Anataka picha nyingine, ya wakwe zake wawili tu, itundikwe kando ya ile. Mwanyumba kasema fundi ni mimi, hakuna mwingine. Maskini, hajui!

Asubuhi nzima nimekaa nalitafuta kosa langu, na nimelipata. Nilisimama upande mbaya. Safari hii nitasimama kushoto, mwanyumba kulia. Picha nitailaza kifudifudi, kisha nitaisukuma kulia. Itakosea wapi?

Kadi nimeshanunua.