Posa ya Saa Kumi na Mbili

Jumatano, 23 Aprili 2025
Leo nimepata siri! Ritha, bibi shamba wetu hapa Mtinko, ambaye kumpata au kumkosa kwangu ni kufa na kupona, kanieleza habari za maua ya njano yaliyojiotea kwenye uzio wa kwao. Petali nne. Yanafunguka saa kumi na mbili, ghafla, huku unayaona. Baba yake, Mzee Leonidas, huweka kiti akayatazama, na muda huo hamnyimi mtu kitu. Hamnyimi mtu kitu! Basi posa yangu itafika muda huohuo. Chediel mfuga kuku, anayemtaka Ritha vilevile, abaki na majogoo yake.

Alhamisi, 24 Aprili
Shangazi Anastasia kakubali kuwa mshenga. Kauliza ni saa kumi na mbili ya asubuhi au ya jioni. Maswali mengine! Nimemjibu kwamba ua ni ua, linaamka na jua kama alizeti, na alizeti nimelima tangu utotoni. Katikisa kichwa. Sikupenda alivyokitikisa.

Ijumaa, 25 Aprili
Balaa! Tumebisha hodi alfajiri. Mzee Leonidas katoka na mswaki mdomoni, katutazama, kauliza nani amefariki. Hapa kwetu nani anabisha hodi saa hizo kama si msiba? Sijajibu, mama yake Ritha kaangua kilio. Majirani hao! Chediel kaja na mzigo wa kuni za matanga, mnafiki mkubwa.

Nikayageukia maua yaniokoe. Yamesinyaa yote! Ritha kasema kila ua linafunguka jioni, likifika asubuhi limekwisha kazi. Kisha kacheka mpaka kakaa chini. Shangazi katangaza kwamba maiti hakuna, kuna mchumba.

Halafu mzee naye kacheka, mswaki ukamdondoka. Kasema watu wameshafika, kuni zipo, haondoki mtu. Ubwabwa ukapikwa kwa kuni za Chediel! Jioni tukapanga viti. Likafunguka la kwanza, petali zinatetemeka, kisha mengine, na nondo wakaja kunywa. Sijaona kitu kizuri namna ile. Mzee hakuninyima. Ritha kakubali hata kabla ya kuulizwa. Nina furaha mpaka kalamu inaruka!

Jumapili, 1 Juni
Maua yamekauka, mashina na yote. Ritha anasema ni mmea wa msimu mmoja: unachanua, unaacha mbegu kwenye maganda, unakufa. Nimeziokota mbegu na kuzipanda kwangu, kiangazi hikihiki, aone mkulima ni nani.

Harusi ni Jumamosi. Mchungaji kasema ibada ni saa tatu. Shangazi kauliza kama nimewaambia ndugu zetu ni saa tatu ipi. Mwanamke huyu na maswali yake! Harusi ni sherehe, na sherehe ni usiku. Nimeshawaambia wote.