Kinga Mbele ya Sheria

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ametuma udhuru. Wachungaji, makatekista na wanakwaya. Waheshimiwa wavuvi, wafugaji na wachuuzi wa dagaa. Mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Na ninyi wananchi wa Nyakasenge mliosimama juani tangu saa mbili asubuhi: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba kabla hamjaniamkia. (Kicheko.) Naitwa Revocatus Mihayo, Mratibu Mkuu wa Mradi Jumuishi wa Kinga, Kanda Ndogo ya Ufukweni, na kabla sijaendelea namwomba mshereheshaji wetu, dada Queen, aondoe hiki kiti, kwa kuwa leo nitahutubia nikiwa wima, kwa sababu nitakazozifafanua katika muktadha mpana.

Ndugu wananchi, kinga ni nini? Kinga ni neno mtambuka. Kuna kinga ya mwili, ambayo mtoto huipata kwa chanjo. Kuna kinga ya kisheria, ambayo kiongozi huipata ili asisumbuliwe kwa jambo alilolitenda kwa nia njema, na mimi nia yangu ni njema kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. (Makofi machache, upande wa viti vya plastiki.) Kuna kukinga maji, mama anapotega ndoo chini ya bati mvua ikinyesha. Kuna kumkingia mtu kifua. Na kuna ile kinga inayouzwa dukani, ambayo sitaitaja mbele ya wanakwaya. (Kicheko kirefu. Mchungaji anakohoa.) Ofisi yangu ilifanya tathmini, ikashirikisha stekiholda wote, ikabaini kwamba kinga hizi hutolewa na ofisi mbalimbali zisizowasiliana, ndipo ikazaliwa fikra, ambayo kwa unyenyekevu ni yangu, ya kituo kimoja hapa Nyakasenge, chenye vyumba kumi na nane na majokofu kumi na mawili ya chanjo, ambacho kwa mujibu wa taarifa ya robo ya tatu kimekamilika kwa asilimia tisini na nne nukta sita, na kimeshakinga watu elfu arobaini na tatu mia saba na kumi na wawili. (Sauti: "Nyakasenge tuko elfu mbili!") Wengine, ndugu yangu, mlikingwa zaidi ya mara moja.

Sasa nije kwenye tukio la Jumanne iliyopita, maana maneno yamekuwa mengi na napenda myasikie kutoka chanzo rasmi.

Jumanne nilikuja kukagua eneo, na kwa ajili ya ufanisi nikaona nipitie shambani kwa Mama Malimi, ambaye yuko pale mbele. Mama, simama wakuone. (Mama Malimi hasimami.) Mama Malimi ana mbwa. Mbwa huyo anaitwa Sheria. (Kicheko kinaanza.) Sheria akaja mbio. Nikasimama imara, nikamwambia kwa sauti ya kiofisi, "Ondoka! Mimi nina kinga!" Nikageuka kumwonyesha nembo iliyo kwenye gari, na hapo ndipo aliponikamata kwa nyuma, sehemu ile ninayoitumia kuongoza vikao. (Vigelegele.) Nikapiga kelele, "Shikamoo mama! Mwite mbwa wako!" Mama akaweka jembe chini, akanitazama. "Marahaba. Hujambo?" Nikasema, "Sijambo mama, ila Sheria imenikamata!" Akasema, "Nani kakwambia upite humu?"

Aliyeniokoa ni ndugu Zadok, mshona nyavu, ambaye hatukuwa tukifahamiana. Aliruka uzio, akamkaba mbwa shingo, mbwa akaniachia na kumng'ata yeye kiganja. Zadok alinikingia kifua, au tuseme kwa usahihi wa kitaalamu, alinikingia mkono. (Makofi. "Zadok! Zadok!")

Tukakimbilia zahanati. Nesi Rebeka akatuosha vidonda kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika kumi na tano kila mmoja, mimi nyuma ya pazia, kisha akasema, "Mbwa yule hajachanjwa. Mnahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa leo hii, na hapa sina." Nikauliza iko wapi. Akafungua droo, akatoa karatasi. "Si iko kituoni kwako, Mheshimiwa? Umeandika hapa, majokofu kumi na mawili, yamejaa. Umesaini mwenyewe." (Mtu mmoja anacheka peke yake.) Ndugu wananchi, nimesaini nyaraka nyingi maishani, lakini sikuwahi kusomewa hata moja nikiwa nimelala kifudifudi.

Nikaagiza gari liwashwe tuende mjini. Rebeka akashika mlango. "Na huyu?" Nikaeleza kwamba itifaki hairuhusu abiria. Akasema, wala hakupandisha sauti, "Huu ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili hauna tiba. Huyu ana watoto wanne, na ameng'atwa kwa ajili yako." Nikatafuta kifungu cha kanuni cha kumjibu. Sikukipata. Nikasema, "Panda, ndugu yangu." Zadok akakaa mbele na dereva, mimi nikalalia tumbo siti nzima ya nyuma, na hivyo ndivyo tulivyovuka daraja la Busisi, wenzangu wanasifia ziwa, mimi naona zulia la gari. (Kicheko.)

Hospitalini nikaenda moja kwa moja dirishani. "Mimi ni Mratibu Mkuu wa Kinga." Karani akasema, "Hongera. Foleni inaanzia kule." Tukasubiri saa tatu, Zadok amekaa, mimi nimesimama. "Mzee," akaniuliza, "kile kituo kipo kweli? Maana mke wangu alimbeba mtoto akachanjwe surua, akakitafuta kijiji kizima, akarudi jioni na mtoto vilevile." Nina majibu ya maswali yote, ndugu wananchi, yamechapwa. Lakini niliuangalia ule mkono wenye bandeji, nikayakunja, nikayarudisha mfukoni. Ndipo karani akaita, "Yule aliyeng'atwa makalio yuko wapi?" na foleni nzima ikageuka. (Vigelegele. Ngoma inapigwa bila idhini.) Tukachanjwa wote wawili. Niliuliza kama kuna sindano ya viongozi. Haipo.

Tangu Alhamisi, gari la mradi linamletea nesi Rebeka kisanduku cha baridi chenye chanjo, na leo, wakati mimi nahutubia, kule nyuma yenu wamechanjwa watoto sitini na mmoja. Takwimu hiyo nimeihesabu mwenyewe, ndiyo maana ni ndogo. (Makofi marefu. Watu wanageuka kumtazama Rebeka.)

Kinga! (Wananchi: "Ya nani?") Hapana, mnaitikia "Kwa wote." Kinga! (Wananchi: "Ya nani?") Basi, imetosha.

Kwa kuhitimisha, namshukuru mkandarasi, ambaye jina lake nimelitafuta ofisini wiki nzima bila kulipata. Namshukuru mhandisi mshauri, kwa kutotusumbua na ushauri. Nawashukuru mafundi, ambao kazi yao imefanyika bila kelele, bila vumbi na bila mafundi. Na nawashukuru mliofunga utepe huu kwa ustadi kati ya mgomba na mgomba. Sasa naukata. (Anakata. Makofi. Watu wanatazama mbele, kulia, kushoto.) Karibuni ndani. Mapokezi ni hapa, piteni taratibu, na tafadhali sana msikanyage viazi.